Rangi Nyepesi

Lea alikisugua kibao kwa gunzi na mchanga mpaka maneno ZAITUN SALUNI yakatoka yote. Alikuwa nyuma ya jiko, asisikike. Alipomaliza alikianika juani, akarudi barazani kumwambia mumewe kwamba Zaitun amekuja kuchukua kazi yake, na ameipenda.

"Kasema herufi zimenyooka?" Thobias aliuliza.

"Zimenyooka," Lea alijibu. Ukweli ni kwamba zilipandana kama mbuzi mlangoni pa zizi.

Ipagala nzima ilimjua fundi Thobias, mwandika vibao. Enzi hizo za ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka yaliota kama uyoga, na kila duka lilitaka jina mlangoni. Kisha macho yake yakafa, na madaktari wa hospitali ya Mvumi wakasema hayatarudi. Wateja nao wakapotea mmoja mmoja. Thobias alipoona hana kazi aligoma kula, akalala akitazama ukuta asiouona. Lea aliogopa atamzika. Ndipo akaanza kubuni wateja, na kibao kikawa hicho hicho kimoja.

Lakini vidole havikuisahau rangi ya maji. Thobias alichovya kimoja, akakisugua kwa gumba, akajua. Ya herufi iwe nzito kama uji wa uwele. Ya kujaza katikati ipungue kidogo. Iliyo kama chai ni ya kupiga kivuli tu, haina nguvu ya kushika. Kiangazi aliongeza maji tone kwa tone, maana upepo wa Dodoma hukausha rangi brashi ikiwa bado njiani. Hayo ndiyo yaliyombakia, na Lea aliyalinda kama mboni ya jicho.

Jioni ile, Lea alipokuwa anamnawisha kabla ya kula, Thobias alimshika kiganja. Akapapasa nyufa zake, ufa kwa ufa.

"Mikono imekuwaje, mama Cornel?"

"Kufua tu."

Thobias alikiachia kiganja. Alikula kidogo, akaenda kulala.

Asubuhi Lea alimletea kibao, akamtajia mteja mpya: Swedi, anafungua duka la mitumba. Thobias alikipapasa kibao kona hadi kona, kidole kikatulia kwenye tundu la msumari. Kisha akamimina maji kwenye kopo la rangi, akakoroga, akamimina tena. Akainua kijiti. Rangi ilichuruzika kama chai.

Roho ilimuuma Lea. Sasa hata vidole vimeanza kusahau, aliwaza, na machozi yakamlengalenga.

"Baba Cornel," alimwambia taratibu, "hiyo ni ya kivuli. Herufi hazitashika. Zikiguswa na maji tu zinatoka."

"Najua," Thobias alisema, akichovya brashi. "Leo usitumie mchanga."