Spea Nyembamba

Upepo alipiga honi kwa mara ya saba, na lile gari la kijivu mbele yake likazidi kujikokota, kana kwamba honi ni wimbo wa kulibembeleza.

"Kobe wewe!" alifoka. "Barabara umeirithi?"

Jina la Upepo alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa fundi wa matairi mwenye karakana kubwa kuliko zote kwenye barabara ile, na kwa kuwa mdomo wake haukuhitaji pampu. Hakuna aliyeingia pale na pancha akatoka bila kusimangwa. "Tairi limeota upara hivi, na mkononi una saa ya dhahabu?" Watu walicheka kwa shingo upande, wakavumilia. Kazi yake haikuwa na doa.

Siku hiyo alikuwa kwenye machimbo ya kokoto, akibadilisha matairi ya malori, simu ilipolia. Mama mkwe.

"Mwanangu, uchungu umemshika mwenzio. Nimeshapata gari, ndiyo tunatoka. Tukutane hospitali."

"Gari la nani, mama?"

Simu ikakatika. Simu ya mama mkwe haikuwahi kumaliza mazungumzo ikiwa na chaji. Akajaribu ya mkewe. Ikaita mpaka ikachoka.

Akatupa spana, akarukia pikapu yake. Miaka tisa walikuwa wamemngoja mtoto huyu. Na daktari hakuwaficha: mtoto amelala upande tumboni, hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Uchungu ukianza tu, mama apelekwe mbio akapasuliwe. Akichelewa, wanaweza kupotea wote wawili.

Sasa yuko hapa. Kushoto mlima, kulia korongo, malori yanashuka mfululizo. Na mbele, kobe.

Sababu ya mwendo ule aliiona mara moja. Gurudumu la nyuma, upande wa kulia, lilikuwa spea: ile nyembamba ya muda, inayofanana na gurudumu la toroli, ya kumtoa mtu porini baada ya pancha. Ubavuni huandikwa kabisa kwamba usizidi themanini.

"Themanini umeruhusiwa, wewe unakwenda arobaini! Mjinga akipewa sheria, huiongezea ukubwa ili ilingane na woga wake."

Spea yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa mpya, imejaa barabara, imefungwa nyuma kama inavyotakiwa. Ingefika mjini ikarudi. Hilo nalo lilimuudhi, maana alitafuta cha kusimanga asikione.

Kioo cha nyuma kilikuwa kimetapakaa vumbi tupu. Taa za tahadhari ziliwaka mchana kweupe. Ghafla mkono ukachomoza kwenye dirisha la nyuma, ukapunga kitambaa cheupe.

"Ona! Wanajipepea! Watu wana haraka zao, wao wametoka kupunga hewa."

Karibu na daraja palitokea mwanya, mwembamba wa kupitisha roho. Upepo akajipenyeza. Gari la kijivu likakimbilia changarawe, likayumba, likasimama. Dereva, mzee mwenye kofia, aliinua mikono yote miwili. Upepo akamwachia moshi na tusi.

Darajani kulikuwa na kizuizi cha polisi. Sajini wa zamu, mwanamama mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa mteja wake wa siku nyingi.

"Fundi, mbio zote hizo?"

"Mke wangu anajifungua, afande!"

"Haa! Pita, pita! Mungu awatangulie."

Hapo angepita tu. Lakini ulimi uliozoea kuchoma haulali njaa.

"Afande, kuna gari la kijivu linakuja nyuma, lina spea ya muda. Usiliache livuke. Lile tairi linapasuka saa yoyote."

"Kweli?"

"Nimelifuata nusu saa nzima. Chukua ufunguo kabisa, uokoe roho za watu. Tena usilainike: watakuambia wana mgonjwa. Kila mwenye gari bovu ana mgonjwa."

Sajini alicheka. "Mambo ya matairi, fundi, ukisema wewe nani atabisha?" Akaenda kusimama katikati ya barabara.

Njia nzima iliyobaki Upepo alikuwa akitabasamu peke yake. Wakae pale sasa, wajipepee mpaka wachoke.

Aliingia wodi ya wazazi akitweta, mikono myeusi ya mpira na grisi. Mkunga alipitisha kidole kwenye daftari, akapitisha tena.

"Jina hilo hatuna, baba."

"Hamna vipi? Wametoka kabla yangu! Angalia chumba cha upasuaji."

"Chumba kiko tayari na daktari yupo. Mgonjwa ndiye hajafika."

"Sasa hao nao wamepanda mkokoteni gani?" alinguruma, mpaka wajawazito kwenye benchi wakageuka.

Simu ikaita. Namba ngeni. Akaipokea kwa ukali, akakutana na sauti ya mama mkwe, nyembamba, ikipigana na honi na mngurumo wa malori.

"Mwanangu, nimeazima simu ya mzee wa watu aliyetubeba. Askari wametuzuia hapa darajani na ufunguo wamechukua, gari jingine halijapatikana, na mwenzio sasa hata kulia hawezi. Hebu zungumza na huyu afande, wewe unayeyajua matairi, umwambie kwamba hili letu halipasuki."