Njia ya Kwanza

Ilipotimu saa kumi na mbili kamili asubuhi, mshonaji alikuwa na simu sikioni. Alijiandikisha kuogelea siku sita mfululizo, saa nne hadi saa tano, njia ya kwanza. Tangu azaliwe hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti.

"Hutaki njia nyingine?" karani wa bwawa aliuliza. "Hiyo ndiyo yenye kina kirefu, dada."

"Hiyo hiyo."

Bwawa la manispaa lilikuwa limefungwa miezi saba kwa ajili ya ugonjwa. Sasa lilifunguliwa kwa masharti: kila saa watu sita tu, kila mmoja na njia yake, barakoa mpaka ukingoni, na juu ya kiti kirefu mwokoaji mmoja badala ya watatu wa zamani. Aliyebahatika kurudishwa kazini alikuwa mumewe.

Mke mwingine angemshukuru Mungu. Huyu aliikumbuka miezi ile ya kufungiwa ndani na kuona kama ameibiwa. Mume alipotoka hospitali, wiki tatu za homa zikiwa zimemkondesha, alimlisha kwa kijiko, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Mwanamume akawa wake peke yake. Halafu bwawa likafunguliwa.

Sasa alirudi jioni akiwa hoi, akajitupa kitandani na kumpa mkewe mgongo. Ngazi za kufika ghorofa ya tatu alizipanda kwa kusimama simama, simu mkononi, eti anasoma ujumbe. Mtungi wa gesi aliokuwa akiubeba begani alimwomba jirani aupandishe. Mshonaji aliyajumlisha yote hayo na kupata jibu moja tu. Kuna mwanamke.

Na kweli alikuwepo. Siku aliyokwenda kuchungulia kwenye uzio, mshonaji alimwona kwa macho yake: kofia nyekundu, mabega mapana, amejiegemeza mwanzo wa njia ya kwanza, miguuni pa kiti cha mumewe. Wenzake watano walikuwa wakiogelea. Yeye wala. Alikaa majini saa nzima, macho yakizunguka huku na huko kama mwizi, na kila baada ya muda mume aliinama kumnong'oneza. Alipotoka majini alivaa barakoa ya maua ya zambarau. Mshonaji alikijua kitambaa kile. Alishona barakoa mbili kwa mkono wake mwenyewe, mume alipoomba "na ya akiba".

Jioni ile alipakua chakula bila kumtazama mtu.

"Huko kazini kuna jipya?"

"Hakuna," mume alijibu.

"Na hao wanaokuja, wanajua kuogelea?"

"Wengine." Alisukuma sahani kando. "Ila wewe usije kule, mke wangu. Ugonjwa bado upo."

"Kwani nimesema nakuja?"

Kesho yake asubuhi ndipo alipopiga simu ile. Saa nne kasoro dakika tano alifika langoni akiwa na vazi la kuogelea alilolikata usiku kwenye mabaki ya vitambaa. Kofia Nyekundu alikuwa mbele yake, anabishana na mlinzi.

"Kaka, niingize hata nikae kwenye benchi."

"Orodha ina watu sita, na jina lako halimo. Njia ya kwanza imeshachukuliwa wiki nzima."

"Basi niitie mwokoaji. Ni lazima niwepo."

Mshonaji aliposikia hilo "lazima", damu ilimchemka. Akapita mbele, akataja jina lake kwa sauti ya kutosha watu wawili.

"Niliyeichukua ni mimi."

Yule mwanamke alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Dada, unajua kuogelea?"

"Wewe inakuhusu nini?"

Akaingia ndani kwa maringo. Ngazi ya chuma aliishuka taratibu, kisha akaambaa na ukingo mpaka chini ya kiti kirefu, vidole vimeng'ang'ania chuma. Maji yalikuwa baridi na yalimtisha, lakini uso wa mumewe ulivyosawajika ulimpa raha ambayo hakuwa ameipata kwa wiki kadhaa.

"Umefuata nini huku?" mume aliuliza, akishuka kitini.

"Kuogelea. Au njia hii ina mwenyewe?"

"Shika chuma hicho. Usikiachie, umenisikia?"

Lakini alipokuwa akisema hayo hakumtazama mkewe. Alitazama langoni, akamtafuta yule mwingine, na alipomwona amesimama nje ya uzio akampungia mkono. Mshonaji alihisi kitu kimekatika ndani yake. Yeye yupo hapa majini, nusu uchi, anatetemeka, na bado mtu anampungia hawara.

Basi leo ijulikane atamchagua nani, mbele ya watu. Miaka kumi na miwili mwanamume huyu amewarukia na kuwakumbatia watu baki kwenye maji haya. Mke wake mwenyewe hajawahi kukumbatiwa hata siku moja. Mshonaji alivuta pumzi, akaachia chuma.

Alizama haraka kuliko alivyotarajia. Alipoibuka alimwona mumewe ukingoni, mguu mmoja mbele, kiganja kifuani. Hakuruka. Akazama tena, maji yakamjaa puani, na hasira zote zikamwisha akabaki na woga mtupu.

Alipoibuka mara ya pili mume alikuwa na filimbi mdomoni, mashavu yamevimba, na filimbi ililia kwa sauti ndogo kama ya kifaranga. Akaitema, akageukia langoni.

"Mlinzi, mfungulie huyo dada! Tangu niugue sina pumzi, anayeokoa watu hapa ni yeye!"