Nyani Msafi na Kinyesi cha Tembo

Hii nawapa bure, na mwenye tamu kuliko hii ajitokeze. Nyani alikuwa na mikuyu yake, na usafi wa kukera. Siku moja Tembo alikula kuyu, akajisaidia pale pale njiani.

"We Tembo, huna haya? Tumbo lote hilo, hujui kwenda kujisaidia kichakani?" Nyani akamtimua, Tembo akavuka mto.

Miaka ikapita. Mikuyu ya Nyani ikazeeka, ikaanguka. Mbegu zilizodondoka chini yake zilikufa kwa kivuli, maana hakuna aliyezipeleka juani. Wanawe wakalia njaa. Nyani akavuka mto, akakuta mikuyu michanga imejaa matunda, kila mmoja umeota alipojisaidia Tembo.

"Shikamoo, mzee. Wanangu wanakufa njaa."

"Marahaba. Kuleni mshibe. Ila huku mgeni humeza na mbegu, na haondoki mpaka azirudishe ardhini."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa hapa, mama."

Nyani akala, akashiba, akatazama kulia, akatazama kushoto, akachuchumaa. Ukimuuliza leo, atakwambia alikuwa anapanda miti.