Gereji ya Mzee Marhoon

Kahawa ilikuwa imeshapoa na Bi Mwanamize hajaigusa. Kikombe kakiweka chini, mbele ya Jaifar, ndani ya nyumba ya Jaifar mwenyewe huko Hail. Mgeni mwenye ombi zito hanywi mpaka aulizwe, na mwenyeji anayeiacha kahawa ipoe anajitia aibu yeye na ukoo wake.

Jaifar hakuuliza. Alijiona anajua. Ndivyo walivyo hawa watu wa maofisini, hujibu kabla ya kuulizwa.

Mtaa wote wa Wadi Kabir ulikuwa na habari. Ofisi ya Jaifar imechora barabara pana, na magereji ya zamani yaliyo njiani yavunjwe. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Marhoon, mume wa Bi Mwanamize. Aliijenga alipotoka Unguja, pale pana mawe matupu, na mtaa mzima wa mafundi ukaota ubavuni mwake. Hata leo, na uzee wake, kutwa yumo ndani anapulizia magari rangi. Watu walikuwa wakisema siku gereji ikivunjwa, Marhoon naye atavishwa sanda.

"Umekaa kwenye baridi ya ofisi na kalamu yako," Bi Mwanamize alimwambia kwa hasira, "ukamchorea mume wangu kaburi. Halali yule. Anakohoa mpaka alfajiri. Nyinyi mmesoma mpaka mkasahau kama kwenye ramani mna watu."

Jaifar alimwachia aseme yote. Kisha akamwambia kwa upole kwamba mama amekuja na habari za zamani, ramani imeshabadilishwa. Jaifar mwenyewe aligombana na wakubwa wake wiki nzima. Aliwaambia mji usiojua ulipoanzia hauna adabu, na historia ya Wadi Kabir imeanzia kwenye mlango ule. Wakakubali. Barabara itapinda, itaizunguka gereji, na mlangoni litawekwa jiwe lenye jina la Marhoon. Mzee atapuliza rangi yake mpaka siku Mungu atakapomchukua.

Alingoja dua. Bi Mwanamize alizidi kukunja uso, na kahawa hakuigusa. Jaifar akaona huyu mama hajamwamini, na kutoaminiwa nyumbani kwako ni jambo zito. Ikambidi atoe neno ambalo mtu wa kwao akishalitoa harudi nyuma.

"Kunywa, mama. Lolote lililokuleta kwangu, wallahi nshakupa."

Bi Mwanamize akainywa baridi vilevile, kwa funda moja.

"Miaka yote nnamwomba aiache ile rangi, kifua chake kimekwisha," alisema. "Ananambia ataacha siku watakapomvunjia. Hiyo ramani yako mpya nshaisikia, ndiyo kaburi lenyewe. Basi mvunjie."