Kipimo cha Mustafa

Lugembe aliliacha ganda la risasi alilozoea, akachukua jingine lililo pana zaidi. Alilikata, akalisogeza karibu na uso, kisha akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa ganda kama alivyofanya siku zote. Lilikuwa limezidi. Alitaka lizidi.

Pale Ng'ambo, mjini Tabora, kila mtu alimjua Lugembe kwa vijiko vyake vya kupimia baruti. Alichukua ganda tupu la risasi, akalikata kimo chake, akalilehemu mkono wa waya. Wenye magobore ya vibali walimfuata kutoka Urambo, Sikonge, hata Ziba, kwa sababu kijiko kikipunja, nguruwe pori anaondoka mzima na mahindi yako tumboni, na kikizidisha, mtutu unapasuka mbele ya uso wako.

Mafundi wengine walitumia mizani. Lugembe alitumia kidole gumba. "Mizani ni ya wauza dhahabu," alipenda kuwaambia wateja.

Kilichomsumbua ni mwanga tu. Tangu jirani apandishe ukuta, kibanda kilikuwa na giza hata jua likiwa utosini, na hakuacha kumlaumu jirani huyo.

Halafu akaja huyu Mustafa.

Mustafa aliongoza kundi la wawindaji waliolinda mashamba kule Urambo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, aliyefiwa na mkewe miaka kadhaa iliyopita. Mwaka huu alifika mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Alisimama kibandani, akasema, "Shikamoo, mzee," akaitikiwa marahaba, kisha akazunguka uani kumsalimia mke wa Lugembe, Mama Fikiri. Salamu hizo hazikuwa fupi.

Mama Fikiri, yaani Siwema, alikuwa mdogo sana kwa mumewe. Siku ya harusi watu walisema maneno, na Lugembe hakuyasahau. Sasa kila alipotokea uani, mazungumzo yalikatika. Siwema alijifuta mikono haraka kwenye kanga, na Mustafa akaaga.

"Mnaongea nini?" aliuliza siku moja.

"Mambo ya mahindi."

"Mambo ya mahindi ndiyo ya kunong'onezana?"

Siwema alicheka kidogo, akarudi kwenye mchele wake. Kicheko hicho kilimkaa Lugembe kifuani kama mwiba wa samaki.

Baadaye, akitafuta chumvi jikoni, alitia mkono kwenye kopo la unga wa muhogo akagusa kitu kigumu. Alikijua kabla hajakitoa. Kilikuwa kijiko alichomtengenezea Mustafa kwa mikono yake mwenyewe. Mwindaji haachi kipimo chake ovyo. Akimwachia mwanamke, na mwanamke akikificha kwenye unga, nini tena cha kuuliza? Alikirudisha, akafunga kopo, akala chakula cha jioni.

Wiki haikuisha Mustafa akaja kuagiza kingine.

"Kile cha kwanza kimepotea, mzee," alisema, macho yake yakiwa ukutani.

"Kimepotea wapi?"

"Porini huko."

"Haya. Njoo kesho kutwa."

Ndipo Lugembe alipolichukua lile ganda pana.

Mustafa alipokuja kukichukua, alikigeuza kiganjani. "Kiko sawa, mzee?"

"Umewahi kukuta changu hakiko sawa?"

Mustafa alikitia mfukoni. "Hapana, mzee. Asante."

Alipoondoka, Lugembe alijisikia mwepesi kama kijana. Wepesi huo haukufika jioni. Aliwaza uso ule ukiwa umefunikwa kwa shuka. Akawaza watoto wa Mustafa, ambao tayari hawakuwa na mama. Alichukua simu, akampigia, akakata kabla haijaita. Angemwambia nini? Kwamba fundi wa vijiko vya baruti amekosea? Hakuna ambaye angeamini. Na kama wangeamini, basi hakuna ambaye angenunua kwake tena.

Kulipopambazuka hakugusa chai.

"Unaumwa?" Siwema aliuliza.

"Naenda stendi. Nina safari ya Urambo."

"Urambo kuna nini?"

Lugembe alivaa kofia akatoka, akiomba kimoyomoyo kwamba Mustafa awe hajaingia porini. Angemnyang'anya kile kijiko, akitupe mtaroni, halafu huyo mwanamke amchukue kama anamtaka.

Hakuwa amefika mbali bajaji ilipompita na kusimama nyuma ya nyumba yake. Mtu mrefu alishuka. Lugembe hakuiona sura, lakini aliisikia ile sauti nzito ikibisha hodi kwenye mlango wa uani.

Alimshukuru Mungu. Mustafa alikuwa hai. Shukrani hiyo ilidumu mpaka mlango ulipofunguliwa na Siwema akasema, "Pita upesi, ametoka."

Wivu ukamrudia wote. Alirudi akinyata, akasimama nyuma ya ukuta wa jirani, sikio likiwa kwenye tofali. Safari hii angewafumania.

"Hiki kimezidi kuliko vyote, Mama Fikiri," Mustafa alikuwa akisema. "Bahati tulikubaliana, hakuna anayemimina baruti kabla wewe hujakipima."

Tupa ikaanza kulia taratibu juu ya shaba.

"Hiki angalau kinapunguzika. Kile cha kwanza kilikuwa kidogo mno, nilishindwa kukiokoa, nikakificha kwenye unga," Siwema alisema. "Macho yake yanazidi kufifia. Waambie wenzako waendelee kuniletea vyote kwa huku nyuma, asije akajua."