Kiingereza cha Pampu

"Fil-ap," alisema Diana, keshia wa kituo cha mafuta. "Sema ap, kama unaanza kusema apewe."

"Apewe," alisema Frednand, vizuri kabisa.

"Haya. Fil-ap."

"Fil-ip."

Diana alifunika uso kwa viganja. Ulimi wa Frednand ulikuwa mwepesi kwa kutania na kutongoza, lakini ukifika kwenye Kiingereza ulikuwa jiwe la kusagia. Kidato cha nne alipata F ambayo mwenyewe aliisifu kuwa haikuwa na hata mkwaruzo. Sasa F ile ilikuwa imemfuata hadi Lusahunga. Malori ya njia ya Rusumo yana madereva wa kila taifa, na bosi, Mzee Ndassa, alishamsikia akiwauliza wageni kama awajazie tenki, kwa lugha ambayo hata wenye nayo wangeikana. Alimpa hadi mwisho wa mwezi. Akishindwa, jembe lake lilikuwa bado linamngoja kijijini Nyamahanga.

Basi akawa anafanya mazoezi kwa sauti. Lori likiingia, kabla injini haijazimwa, yeye huyo chini ya dirisha: "Filipu?" Dereva anacheka, anaitikia kwa kichwa, "Yes, yes." Pasipokuwa na lori, anaiuliza pampu.

Aliyekipenda Kiingereza kile alikuwa mtu mmoja tu, mwanamke wa makamo aliyeuza karanga za kuchemsha pembeni mwa kituo. Wote walimwita Mama Karanga, kama vile ndizo alizozaa. Alitoka upande wa Ngara, Kiswahili chake kilitembea polepole, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa yesi na noo. Lakini tangu Frednand aanze mazoezi, kila aliposikia neno lile aliacha beseni lake likilindwa na kuku, akaja kusimama karibu, mikono mitupu, akimtazama dereva mdomoni.

"Amesema yesi?" aliuliza siku ya kwanza, lori lilipoondoka.

"Yesi, mama. Wote wanasema yesi."

"Na ni mzima?"

"Mzima mpaka kanenepa," alijibu Frednand, maana tumbo la dereva yule lilifika kwenye usukani kabla ya mwenyewe.

"Kaelekea wapi?"

"Rusumo."

Lori lililofuata lilikuwa linatoka Rusumo. Mama aliuliza tena, akaambiwa Dar es Salaam. Akafikiri.

"Anazunguka," alisema.

"Ndiyo kazi ya barabara, mama. Kuzunguka."

Mama Karanga akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Moshi wa dizeli pale ni mkali.

Kuanzia hapo Frednand hakununua karanga tena. Kila asubuhi aliposema shikamoo, alijibiwa marahaba na kikombe kilichojaa hadi kumwagika, kisha akaombewa sala ndefu kwa Kihangaza. Wenzake walimcheka kwamba anaandaliwa mchumba huko Ngara. Yeye akawajibu kwamba Kiingereza kizuri hupendwa hata na asiyekielewa. Siku nyingine, akitaka kuchangamsha kituo, alilipaza neno lile kuelekea barabarani kusikokuwa na gari. Mama akainuka mbio, ndala moja ikabaki nyuma, akafika na kukuta patupu. Wakacheka wote. Mama alicheka wa mwisho, kidogo.

Mwezi ukielekea kuisha, Diana alipata dawa. Alimwambia aachame kama anayemwonyesha daktari koo.

"Aaa," alisema Frednand.

"Sasa funga midomo."

"Aaap."

"Anza na fil."

"Fil-ap."

Diana alimtazama kama aliyeona bubu akiimba. Mzee Ndassa mwenyewe alitoka ofisini, akasimama nyuma ya pampu wakati Frednand akimhudumia dereva Mzambia, akasikiliza, akarudi ndani anatabasamu. Kazi ilikuwa imepona.

Siku hiyo Frednand hakushikika. Kila lori, "Fil-ap?" Yes. "Fil-ap?" Yes, yes. Jua lilipoanza kupoa ndipo alipogundua kwamba Mama Karanga hakuwa ameinuka hata mara moja. Alikuwa ameketi nyuma ya beseni lake, akimtazama mdomo kutwa nzima. Frednand akamfuata ili ajigambe.

"Mama, umenisikia leo? Sijakosea hata kidogo."

"Nimekusikia." Alimjazia kikombe cha karanga, lakini alipompa hakukiachia. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea kitu, mama."

"Basi mbona leo madereva wote wamepita," alisema taratibu, "na hujamuuliza hata mmoja habari za Filipo wangu?"