Mistari ya Kichwani kwa Tatu

Siku hizi mhandisi akiacha kazi, mikono yake husahau kila kitu ilichojifunza tangu aajiriwe. Ndivyo kampuni zinavyowabakisha mafundi wao, maana keki ya mwisho wa mwaka ilishindwa.

Dada yangu Nyamizi ana miaka minane kwenye mitambo ya upepo, na humwona mwanawe Tatu, anayeishi kwangu, siku mbili tu kwa mwezi. Jumapili alikuja na barua ya kuacha kazi, imebaki sahihi tu.

"Utashika bisibisi kama mtoto anayeshika kijiko cha uji," nikamtania.

"Bisibisi hainisumbui. Kaa hapa, tazama vidole vyangu."

Tatu, mwenye miaka sita, alikuwa amekaa katikati ya magoti ya mama yake akisukwa. Hapo nikaelewa. Kusuka nako dada alijifunza baada ya kuajiriwa.

Nikajaribu kusuka mistari miwili, nione kama naweza kushika nafasi yake.

"Mjomba, huu unaenda wapi?" Tatu akauliza.

Dada hakucheka. Aliifumua yote miwili, akaanza upya, taratibu. Kichwa kilipendeza. Jioni akarudi kwenye mitambo, barua akaiacha chini ya kopo la mafuta ya nazi, bila sahihi.